Machela ya Kemunto

"Mwenyekiti wa nini?" Kemunto alimuuliza Nehemiah, afisa wa afya aliyekuja Marani kuandikisha kikundi chetu cha kubeba wagonjwa. "Mama akishikwa na uchungu, mimi napiga sufuria. Anayesikia anaacha majani chai, anakuja kushika machela."

"Na nani huwapanga?"

"Mlima. Aliyechoka akipunguza mwendo, wa nyuma anachukua nafasi yake."

Mimi ni shahidi. Mwaka jana jirani yetu Linet alishikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi tisa; tulimkimbiza kwa kasi hadi tukafika zahanati ikiwa bado ya miezi minane.

"Bila mwenyekiti hampewi machela mpya, mama. Hii imeraruka."

"Na mwenyekiti akienda harusi Kebirigo, mgonjwa amngoje?"

Nehemiah alikuwa akifunua fomu yake mke wa jirani yetu Ogoti alipoingia ameshika kiuno, maji yakimtiririka miguuni. Afisa akaweka fomu chini, akashika machela.