Klorini Kwenye Bwawa la Pili

Bwawa la pili haliwekwi dawa. Domitila alilishika agizo hilo miaka sita, na kwa miaka hiyo sita hakuna aliyemkuta na kosa.

Alikuwa mhudumu wa mabwawa ya majitaka katika kiwanda kidogo cha pombe kali ya molasi, nje ya Ifakara. Maji meusi ya kiwandani yalitua kwanza kwenye bwawa la juu. Bwawa la pili, lisilozidi ukubwa wa darasa, lilikuwa na bakteria wanaokula uchafu, na maji yaliyotoka humo yalifaa kuingia kijitoni. Kila wiki alipokea mavi ya ng'ombe kutoka kwa wafugaji wa Kisukuma, akayakoroga bwawani ili bakteria wasipungue. Huko chini kijitoni, mdogo wake Kasmiri alitega migono, mitego ya samaki ya kusuka, na samaki hao ndio waliolisha nyumba yake.

"Dada, wanao wameshiba leo?" Kasmiri alizoea kumtania kuhusu bakteria hao.

"Wameshiba. Siku wakilala njaa hawa, na wewe utalala njaa."

Mwezi Machi ilitangazwa kwamba wakaguzi watakuja. Domitila ni mama wa mtaa wa Lipangalala ambaye hapokei mgeni kabla ya kumwaga dawa chooni. Bwawa lilinuka, naye akaona aibu. Ijumaa jioni alichukua stoo ndoo tatu za klorini ya unga, akazimwaga zote kwenye bwawa la pili.

Hakumuuliza mtu. Angekuwa mlevi au mvivu, nisingeshangaa. Lakini yeye! Alijua agizo, alijua sababu yake, na bado aliogopa pua za wageni kuliko alivyoogopa kuvunja wajibu wake. Hilo siwezi kulitetea.

Jumatatu asubuhi Nazari, fundi kijana aliyemfundisha kazi hiyo, alisimama ukingoni. Mapovu ya bakteria yaliyokuwa yakipanda usiku na mchana yalikuwa yamekoma.

"Shikamoo, mama. Umeweka nini humu?"

"Marahaba, baba. Nimesafisha tu. Lilikuwa linanuka kama choo cha mnadani."

"Umewaua, mama. Wote."

Domitila alicheka. "Si vijidudu tu? Nitaleta mavi mengine leo leo."

Hapo Kasmiri akatokea upande wa kijito, miguu imejaa tope, amebeba mgono mabegani. Maji meusi yalikuwa yamepita siku mbili bila kuliwa uchafu wake. Aliumwaga mgono miguuni pa dada yake: kambale na perege, wote wamekufa, wengine wameanza kuvimba.

"Dada," alisema polepole, "wanao wamekula nini?"

Domitila aliinama, akaanza kuwarudisha samaki kwenye mgono.

Bwawa lilichukua wiki kumi na moja kurudi katika hali yake. Domitila aliachishwa kazi. Kasmiri hakupata samaki hata mmoja pale kijitoni hadi mvua za mwaka uliofuata, na tangu siku ile hajamwita dada.