Siku Nilipiga Kasia Barabarani

Mucheke tu, mi mwenyewe nikikumbuka ninafunikaka sura na kitambaa, mutu muzima, koko wa bajukuu kumi na mbili!

Ilikuwa hapa Baraka, mbele ya kanisa. Dada mumoja, Neema, alileta ile miwani mikubwa ya mashini (ukivaa unaona uko fasi ingine, mahali pengine kabisa, naapa!), alitaka kujua namna gani balemavu banaweza kuitumia. Rafiki yangu Mama Sifa, mwenye miguu haitembee na bidole byake bilikunjamana tangu utoto, ndio alianza. Ndani ya miwani ulikuwa mutumbwi ku ziwa, lakini ili uende mbele, unapashwa kushika kashikio fulani na kufinya kabuto, kale kakitufe kadogo. Akafinya, akafinya, bidole bikakataa. Neema akasema pole Mama, na kesho ninaipeleka fasi ingine. Mama Sifa akarudisha miwani.

Bakamukalisha ku kiti, kinga yake, ile baiskeli ya magurudumu tatu ya kuzungusha na mikono, ikabaki bure. Nikasema niikalie kidogo tu, nivae, nione alishindwa wapi. Loo, maji! Nikasahau kashikio, mikono ikajitafutia kasia, ikakuta ile ya kuzungusha kinga, nikazungusha, upepo ukanipiga sura, nikasema hii mashini iko na akili, hata upepo iko nayo! (Kumbe ninateremuka barabara.) Nikasikia "Koko, simama!", nikajua ni bavuvi ba ndani ya miwani, nikabapungia mukono, nikaongeza nguvu, mupaka puu! katikati ya ndagala, samaki ndogo-ndogo mama mumoja alianika.

"Koko, kama unataka ndagala, si uombe?" mwenye ndagala akaniuliza.

Batu bakacheka mupaka bakakaa chini. Na kule juu Mama Sifa analalamika: "Mwizi wa kinga! Neema, umeona? Ile kitu mi ninazungushaka na biganja kila siku! Funga kashikio yako pale ku kinga!"

Neema hakuniangalia hata, na ndagala zangu ku kichwa. Batu bakarudisha kinga juu, akafunga kashikio fasi ya kuzungusha na kamba ya mupira, akaguza-guza kompita ili mutumbwi uende mutu akizungusha tu, bila kufinya, mi nikabeba mawe ine ya kuinua kinga, magurudumu yazunguke hewani tu. Bakamurudisha Mama Sifa ku kinga, akavaa, akazungusha.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Toka mbele yangu, nitakugonga na mutumbwi!"

Nikatoka mbio. Na tangu ile siku, kinga ya mutu siikalie tena bila kuomba, na bila mawe.