Shati Linalofunguka Mgongoni

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla sijakanyaga cherehani, humtumia rafiki yangu vitu vitatu kwa sauti ya simu: wimbo, habari na kichekesho. Wimbo nauimba mwenyewe, kwa hiyo kichekesho huwa kimeshaanza. Habari nazichuja. Yeye ni mgonjwa, nami si mtangazaji, ruhusa ninayo. Watu wakifa huko duniani, mimi nasema mbuzi wa hapa Ruiru amekula barua ya chifu. Bei zikipanda, nasema mheshimiwa fulani amezindua kisima, maji yatazinduliwa baadaye. Halafu natuma, naiweka simu juu ya vitambaa vya sare za shule, na kungoja tiki mbili zigeuke buluu, nijue amesikiliza.

Jibu lake ni neno moja. Kiharusi kilimpiga mwaka juzi, maneno yote yakamtoka, likabaki "ati". Daktari alimweleza mkewe kwamba hutokea hivyo, mtu hubakiwa na neno moja tu, na wala halichagui. Kuna wanaobaki na jina la Mungu, kuna wanaobaki na tusi. Wangu alibaki na "ati", na anayemjua atakubali kwamba ndilo alilolitumia zaidi hata alipokuwa nayo yote. Kuna ati ya kucheka, ati ya kukataa, ati ya kuomba maji. Mkewe humsogezea simu mdomoni, nami hupata "Ati!" yangu, siku ikaanza.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Tunakaa Ruiru, chumba na sebule, ghorofa ya pili, cherehani dirishani. Mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa huku, husema kochi letu limeshika umbo langu hivi kwamba siku nikifa wanaweza kulizika lenyewe na watu wasijue. Kutoka hapa hadi Kiandutu kule Thika, alikokuwa akiishi rafiki yangu, ni safari ya saa moja ukichelewa sana. Tangu augue nilikuwa nimekwenda mara mbili. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanihurumia huko mbele.

Kwetu ni ng'ambo ya mpaka, upande wa Mwanza. Nilikuja Thika baada ya kidato cha nne, nimeambiwa viwandani kuna kazi. Nilikuja kwa miezi sita. Sasa nina wajukuu, na bado nikiingia dukani nikasema "naomba mkate," mama mwenye duka hunijibu, "Mzee, hapa hatupeani, tunauza," kisha anacheka yeye mwenyewe kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Rafiki yangu nilimkuta kiwanda cha nguo. Yeye alikuwa kwenye mitambo ya kufuma, mimi kwenye kukata na kushona. Alitoka magharibi, upande wa Kakamega. "Sisi wote hapa ni wageni," aliniambia wiki ya kwanza, "ila mimi sigongewi muhuri mpakani." Tulipanga chumba kimoja Kiandutu, cha mabati. Kitu kilichomfurahisha kuliko vyote ni shikamoo yangu. Nilikuwa namwamkia kila aliyenizidi umri: msimamizi, mlinzi, muuza makaa. "Ati shikamoo!" alikuwa akisema. "Wewe utaamkia mpaka punda wa maji." Nikirudi chumbani jioni alikuwa akikaa wima kitandani, akitunisha shingo na kunijibu kwa sauti nzito kabla sijafungua mdomo: "Marahaba, kijana."

Aliniahidi dada yake. Dada akaja kutembea, akaangalia chumba, akaniangalia mimi, akaangalia chumba tena, akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Tangu siku hiyo tukaitana mulamwa, yaani shemeji kwa lugha ya kwao. Undugu wa ndoa ambayo haikufika hata kwenye chai.

Redio ilikuwa ya betri nne, na betri tulizianika juani kama dagaa ili zipate nguvu kidogo. Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu: nyimbo kidogo, taarifa ya habari ya saa moja, kisha zima. Baada ya hapo ni kichekesho cha siku, kila mtu zamu yake. Mara nyingi betri ziliishia katikati ya wimbo, nasi tukaumalizia kwa midomo. Yeye alikuwa besi, mimi gita la solo na mwimbaji, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kulaumiwa. Jirani wa upande wa pili alikuwa akigonga bati: "Zimeni hiyo redio!" Naye mulamwa: "Mama, imezimika kitambo!"

Kulikuwa na wimbo mmoja wa mtu aliyekimbiwa na mke, mke akaenda kwao na sufuria zote, mwanamume akaachiwa kijiko. Besi ya wimbo huo inashuka polepole, kama mtu anayeteremka ngazi na ndoo iliyojaa. Hakuna aliyeipiga kwa mdomo kama yeye.

Basi, mwezi uliopita, Jumatatu, mkewe alinipigia simu.

"Shemeji, mumeamkaje?"

"Salama, mama. Mulamwa anaendeleaje?"

"Yuko. Shida ni huo mkono." Mkono wa kushoto ulikuwa umekauka, umejikunja kifuani. "Nikimvalisha shati analia, shemeji. Mtu mzima. Sasa wewe si ni fundi? Nishonee moja inafunguka huku nyuma, niwe nampitishia tu mikono kwa mbele, nafunga."

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Na ni ya haraka. Jumamosi tunampeleka nyumbani."

"Kutembea tu, kisha mrudi?"

"Shemeji." Akapumua. "Ndugu zake wamekaa chini, wameamua. Saa hii bado anaweza kuketi, anakalia kiti kimoja kwa basi kama watu. Tukingoja alale, itakuwa gari nzima, na kamati, na kusumbua watu."

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayepanga kupika. Kwao mtu huzikwa kwao, hilo halina mjadala. Kinachojadiliwa ni aende akiwa ameketi au amelala.

Nikamwambia nitashona. Lakini fundi anajua kitu ambacho yeye hakukijua, au alikijua akakimeza. Shati la mtu mzima linalofunguka mgongoni nimewahi kulishona mara nne maishani, na hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekuja kupimwa. Nguo ya namna hiyo haivaliwi. Mtu anawekewa. Kule mochari huwa wanaipasua tu kwa makasi, ila kuna familia zinazotaka heshima, zinaleta kwa fundi kwanza.

Kwa hiyo sikushona. Jumanne nilimtumia wimbo. Jumatano nilimtumia nyimbo mbili na vichekesho vitatu, kimoja cha mchungaji na jogoo, ambacho nilishamsimulia mwaka uliopita. Jibu likaja kwa sauti ya mkewe: "Shemeji, tumesikia. Na shati?"

Mke wangu alikuwa anachambua sukuma wiki. Hakuinua kichwa.

"Haiya. Siku tatu unamwimbia. Amekuomba wimbo?"

"Natafuta mtindo."

"Mtindo gani, na unashona sare tangu tuoane? Wewe unaogopa kumwona."

"Siogopi."

"Basi simama."

Sikusimama. Alhamisi ndiyo nilikata kitambaa, cha buluu chenye mistari myembamba myeupe. Nilikuwa nimeshaamua kwamba mgongo sitaupasua. Ningepasua ubavu wa kushoto, kuanzia mkononi, chini ya kwapa, hadi pindo la chini, kisha niweke velkro, ile tepe ya kunatana. Mkono ulio mgonjwa unalazwa tu mahali pake, shati linafungwa juu yake, na kwa mbele kuna vifungo na kola kama shati la mtu yeyote anayekwenda zake kazini. Nililipenda wazo hilo mpaka nikapiga mluzi.

"Umempima?" mke wangu akauliza.

"Kichwani."

"Kichwa cha nani?"

Vipimo vyake sikuhitaji kuviuliza. Kifua arobaini na mbili, bega kumi na nane, kola kumi na sita na nusu. Shati lake la Krismasi nilikuwa nalishona mimi kila mwaka tangu tukiwa Kiandutu wote wawili. Nilishona jioni ile ile, nikapiga pasi, nikalikunja.

Ijumaa saa nne nilikuwa Kiandutu. Njia ilikuwa na matope, nikawa natazama chini nisije nikateleza na kuchekesha watu bure. Mlangoni pake, juani, aliketi mzee mmoja kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Nikadhani ni mmoja wa wazee wa ukoo waliokuja kumchukua.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Wenyewe wapo ndani?"

Mzee akainua kichwa taratibu.

"Ati?"

Nilisimama na mfuko wangu wa shati. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mdomo ukaenda upande, macho yakajaa maji, na ile "ati" ikawa inatoka vipande vipande, ati, ati, ati. Mkewe akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Umemfanya nini?"

"Anacheka," nikasema. "Nimemwamkia shikamoo."

Akamtazama mumewe kwa muda.

"Shemeji, huyo analia."

Tukamtazama wote wawili. Sikuweza kujua. Mimi, niliyekuwa nikijidai kwa watu kwamba ati zake zote nazifahamu.

Tulimwingiza ndani tukamvalisha. Ubavu ulifanya kazi yake sawasawa: mkono ulilazwa, velkro ikashika, hakulia. Kitu kingine chote kilikuwa aibu. Bega la shati lilimfikia karibu na kiwiko. Kola ingeweza kumeza ngumi yangu na bado ikabaki nafasi. Mkewe alishika kitambaa kilichozidi kifuani, akakikusanya kiganjani.

"Hii ni ya nani, shemeji?"

"Yake."

"Ya lini?"

Nikatoa futi ya kupimia mfukoni. Nilipozungusha kifua chake, mkono wake mzima ukaidaka ile futi, akaishika isitoke.

"Ati?"

Hiyo niliielewa. Miaka miwili nilikuwa nimemletea mbuzi na visima. Ulimi wangu ulikuwa umeshatayarisha thelathini na nane.

"Thelathini na nne, mulamwa."

Akafumba macho, akafumbua. Akaniachia futi nikapime bega.

"Kumi na tano na nusu. Kola kumi na nne."

Akaitikia kwa kichwa kila namba, kama mtu anayehakikisha mzigo wake umefika wote. Kisha akanyoosha kidole kwenye begi la nguo lililokuwa pembeni ya kitanda, limeshafungwa zipu.

"Ati?"

Nilimtazama mkewe. Mkewe alitazama sufuria. Hapo ndipo nilipojua kwamba hawakuwa wamemwambia, au walimwambia kama vile mimi ninavyompa habari.

"Kesho mnasafiri," nikasema. "Mnakwenda nyumbani."

"Ati?"

"Si kutembea, mulamwa."

Mwiko ukawekwa mezani. Nilingoja alie, au akasirike, au anirushie kofia. Alikaa tu ndani ya lile shati la mtu mwingine, akitazama mlango, na baada ya muda nikasikia kitu kifuani mwake, chini sana. Besi. Ule wimbo wa sufuria, ngazi na ndoo, polepole kuliko tulivyokuwa tukiupiga zamani, lakini kila noti mahali pake. Alipofika pale ambapo gita huingia, alinigeukia.

Sikuingia. Nilimwimbia kwa simu kila siku kwa miaka miwili, na siku ambayo yeye mwenyewe yuko mbele yangu, sauti haikupatikana. Nilitoa wembe nikaanza kufumua mshono wa bega, kichwa nimekiinamisha. Alipiga besi mpaka mwisho peke yake.

Jirani alinipa cherehani yake. Hadi saa tisa nilikuwa nimemaliza, na lilimkaa. Mkewe alimvalisha kwa mikono yake, akamvua, akamvalisha tena, mara tatu, uso wake ukiwa karibu na kutabasamu. Nilipoaga, nilisema nitawapigia. Yeye alisema ati yake, ambayo sijui ilikuwa ya nini.

Walisafiri Jumamosi. Mkewe alinipigia wakiwa wameshafika, akasema njiani hakulia hata mara moja, na kwamba huko juu kwao mtandao unasumbua, nisishangae.

Jumatatu niliketi saa moja na nusu nikamtumia habari. Sikuchuja. Nilimwambia nani amekufa kati ya tuliofanya nao kazi, watu wanne ambao nilikuwa nimemficha, mmoja mmoja. Wimbo sikuimba. Tiki ni moja mpaka leo, haujamfikia, na kila asubuhi naongeza nyingine juu yake.

Vile vipande nilivyopunguza kwenye shati viko hapa kwenye droo ya cherehani. Ni vyembamba, havifai kushona kitu. Mke wangu ameuliza kama avitumie kupangusia mafuta ya mashine. Nimemwambia asubiri.