Unga wa Mlangoni kwa Anti Saroja

Siku niliyoambiwa kwamba kuna unga ukiukanyaga unasahau njia ya kwenu, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya mafuta ya nywele. Nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, Yeoville, huku Afrika Kusini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, kwa hiyo hata nafasi ya kukimbia sikuwa nayo. Kinyozi wangu, Papa Dido, Mkongo wa Bukavu, aliniuliza siku hizi nakaa wapi. Nikamwambia Fordsburg, chumba cha uani, kwa mama mmoja Mhindi wa Kitamili, mjane, mtu mwema kabisa. Ila kila asubuhi anachora maua meupe ya unga pale mlangoni.

Papa Dido akazima mashine.

"Ndugu, ule unga njo dawa," akasema. "Mwenye kuukanyaga harudie kwao tena. Ulishaona mupangaji wa pale mwenye alirudia?"

Nikawaza. Aliyenitangulia alikaa chumba kile miaka tisa. Basi, nikaamini papo hapo. Mimi, mtu wa Tanga, mji ambao wenzetu wa bara wakiutaja wanashika hirizi. Mimi niliyekuwa nikienda shule ya jioni Braamfontein kutafuta thamani ya x, na wallahi nilikuwa naipata. Jioni naipata x, asubuhi naruka unga. Na niliruka, mwanangu, vitabu kwapani na kikombe cha chai mkononi, mruko ambao ungeoneshwa kwenye televisheni dunia nzima ingesimama. Mama yangu alikuwa Tanga ananingoja nirudi kumwezekea nyumba. Sikuwa tayari kumsahau kwa sababu ya unga.

Baada ya wiki mbili magoti yalinichoka, nikapata akili mpya. Anti Saroja, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa akimaliza kuchora anaingia ndani kuwasha taa ya sala. Hapo ndipo natoka na ufagio laini. Nafagia, napangusa kwa kitambaa kikavu, haibaki hata chembe. Kisha naenda zangu kazini, duka la vitambaa, nikijiona nimewaokoa wapangaji wote wa Afrika Kusini.

Sasa, kila Jumamosi alikuja Anti Pushpa, shoga yake tangu usichana wao huko Natal kwenye mashamba ya miwa. Walikaa barazani, sinia la dengu katikati, wanachambua mawe na kukumbuka. Mimi niko bombani uani nafua, masikio yote kwao. Walikuwa hawakumbuki harusi wala safari, walikumbuka kazi. Mlio wa jiwe la kusagia kabla jua halijatoka, nyumba hii ikianza na ile inaitikia. Maembe mabichi yaliyoanikwa juu ya paa, na bibi mwenye fimbo akiyalinda na kunguru. Anti Saroja alisema mashine ya umeme inasaga vizuri, lakini haikuachii harufu mikononi. Siku moja wakataja kiti kidogo cha mbao chenye meno ya chuma, ambacho mama zao walikikalia kukuna nazi. Nikashindwa kunyamaza, nikawaambia hata kwetu kipo, na jina lake ni mbuzi. Anti Pushpa akaniuliza kama mama yangu anakuna nazi amekalia mbuzi. Nikasema ndiyo, kila siku. Walicheka mpaka dengu zikamwagika.

Jumamosi iliyofuata hawakucheka. Anti Saroja alishusha sauti, lakini bomba lilikuwa limefungwa, nikasikia.

"Pushpa, kichwa changu kinaniacha," alisema. "Naamka, nachora, naapa nimechora. Nikitoka tena, mlango mtupu. Vidole vina unga, mlango mtupu."

Mwenzake akamwambia ni uzee, hata yeye huitafuta miwani akiwa ameivaa. Lakini Anti Saroja alikuwa ameshampigia simu binti yake Durban na kumweleza. Binti angekuja mwisho wa mwezi kumchukua, na nyumba iuzwe. Alichokuwa akiuliza sasa ni kama Anti Pushpa anaweza kumtunzia jiwe la kusagia la mama yake, maana kwenye gorofa ya binti hakuna mahali pa jiwe.

Shati lilinidondoka kwenye beseni. Mwanangu, unga ule kweli ulikuwa unamsahaulisha mtu, ila siyo aliyeukanyaga. Ni aliyeuchora, na mwenye dawa nilikuwa mimi na ufagio wangu.

Sitakudanganya kwamba nilikimbilia kusema. Nilisimama pale nikipiga hesabu: nikisema, nafukuzwa. Nikinyamaza, yeye ndiye anayeondoka, nyumbani kwake mwenyewe. Nikaenda nikasimama chini ya ngazi za baraza, mikono inachuruzika povu.

"Anti, kichwa chako kizima," nikasema. "Ni mimi ninayeufuta. Kila siku."

Aliniuliza tangu lini, nikamwambia. Akauliza kwa nini, nikaeleza yote, ya kinyozi, ya dawa, ya mama yangu Tanga. Akajifunika uso kwa pindo la sari, mabega yakatikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa akilia, lakini ndani ya kile kilio kicheko kilikuwa kinatafuta njia, mpaka kikaipata. Kisha akampigia binti yake palepale na kunikabidhi simu niseme mwenyewe. Binti alinimwagia Kiingereza ambacho shule ya jioni hawajakifundisha mpaka leo. Lakini hakuja kumchukua.

Adhabu yangu ilikuwa kuchora. Mwezi mzima, kila asubuhi, nimechuchumaa kando ya Anti: kwanza nukta, ndipo mstari unazizunguka na kurudi ulikoanzia. Mstari wangu ulikwenda kama mlevi anayetafuta robot, hizi taa za barabarani, avukie. Nilikanyaga unga ule mara elfu, na Tanga nikaenda, nyumba ya mama ikapata bati. Niliporudi nilimletea Anti mbuzi ya mninga. Alikaa juu yake, akafumba macho, akakuna nazi sita, nasi tulikuwa watu watatu tu, pamoja na Anti Pushpa.

Jiwe lake halikutoka jikoni mpaka yeye mwenyewe alipotuaga. Mbuzi ile alimwachia binti yangu, yule anayenijibu kwa Kizulu, na Jumamosi anaikalia, ananiuliza bibi zake walikuwa wakifanyaje.

Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Ukiona jambo usilolielewa mlangoni kwa mtu, muulize mwenye mlango, usimuulize kinyozi. Wazee wa nyumba yako wakikumbuka kazi zao ndogondogo, zima simu ukachambue nao dengu. Na ukigundua umemfanya mtu aitilie shaka akili yake, mwambie leo, povu likiwa bado mkononi. Mungu akujaalie mlango wako mwenyewe, asubuhi nyingi za kuufungua, na jirani atakayekucheka halafu akusamehe.

Nusura nisahau alichonijibu Anti siku ile, alipokwisha kufuta macho.

"Ni unga wa mchele, Saidi. Tunawawekea sisimizi, wapate kula."