Salamu ya Mume Wangu

Niliacha kuitikia salamu ya Kanisa wiki ile tuliyomzika binti yetu. Alikuwa anarudi kutoka Mwamgongo, mawimbi ya ziwa yakaupindua mtumbwi wao. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Kwetu jumuiyani mtu akikwambia "Tumsifu Yesu Kristu," unajibu "Milele, amina," hata kama mdomo umejaa ugali. Mimi nikanyamaza. Nimsifu kwa lipi? Wenzangu wakadhani ni msiba tu, wakaniacha.

Mume wangu hakuniacha. Miaka yote ya ndoa yetu aliamka na salamu hiyo, kabla hata ya kuniuliza nimelalaje, na akaendelea nayo. Nilikuwa namtazama tu, kisha nakwenda kuwasha mkaa.

Mwaka haujaisha, na yeye akaanguka. Ini, walisema hospitali, limeshaharibika. Tukamtunze nyumbani, ni wiki chache. Loo, nilitukana! Nilimtukana Mungu kwa Kiswahili na kwa Kiha, nimesimama uani pale Ujiji, mpaka jirani yangu, mama wa Kiislamu, akatoka mbio kuja kunishika.

Kitandani bado alinisalimia. Jirani alikuja kunisaidia kumgeuza, akasikia, akaona nimekaza mdomo.

"Shoga, kwetu kuitikia salamu ni faradhi."

"Basi mwitikie wewe!"

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. Nami nilitaka kucheka, nikashindwa.

Nilijua anachongoja. Alitaka nimwitikie mara moja tu kabla hajaenda. Nilimwosha, nilimlisha uji kwa kijiko, nilimfulia mashuka ziwani. Hilo moja sikumpa. Nilimwambia wazi: "Mungu wako amenichukulia mtoto, sasa anakuchukua wewe. Sina la kumwitikia."

"Nimekusikia, mke wangu," akasema. Hakunihubiria.

Asubuhi moja naleta uji, nikamsikia chumbani peke yake. "Tumsifu Yesu Kristu." Akatulia kidogo, kama alivyozoea kuningoja. Halafu akajijibu mwenyewe, taratibu: "Milele, amina." Ikawa hivyo kila siku. Mimi nasimama mlangoni na bakuli, roho inaniuma, siingii mpaka amalize.

Siku ya mwisho pumzi zilimtosha salamu tu. Jibu alilitafuta, midomo ikacheza, kisitoke kitu. Macho yakanigeukia.

"Milele, amina," nikasema.

Sikuamini hata neno moja. Nilisema kwa sababu nilimpenda, na mtu wangu alikuwa amechoka. Akanibana kidole, akafumba macho.

Adhuhuri alikuwa ameshafariki. Watu wa jumuiya walifika na rozari zao, wakasimama mlangoni wakanipa salamu ile ile. Sikuwajibu.