Upande wa Pili wa Marufaa

Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo Kilwa Kivinje, na chuo chenyewe kilikuwa baraza ya nyumba yetu. Nasema chuo kama tulivyosema zamani, pahali watoto wanaposomeshwa Kurani. Nilikulia humo kwenye kelele, kila mtoto anasoma lake kwa sauti, na baba kaegemea nguzo, macho kayafumba, ukadhani kalala. Kosea herufi moja tu, fimbo inakufikia. Masikio yale aliyatoa wapi, mpaka leo sijui.

Mimi nilikuwa na kiherehere, sikatai. Mama alisema nikiona watu wawili wananong'ona, lazima nijifanye natafuta kuku karibu yao. Kila kitu nilitaka kujua kwa nini, na nikinyimwa jibu nilinuna kutwa. Baba hakupenda maswali. Kwake yeye mtoto anasoma kwanza, kuuliza atauliza akiota ndevu, na mimi ndevu sikuzitarajia.

Kabla ya vita kila mtoto alikuwa na ubao wake. Mwalimu anakuandikia kwa wino wa masizi, unasoma mpaka unaweza, unauosha, unaandikiwa tena. Ikaja vita ya Maji Maji. Watu wa bara wakakimbilia mjini na watoto wao, wengine wakalala barazani kwetu, na kuni zikawa hazipatikani, maana nani angethubutu kuingia porini? Mama akawatazama wale wanawake na muhogo wao mbichi, akaingia ndani, akatoka na mbao za chuo, akawapa wazichome. Baba aliporudi msikitini akakuta majivu. Aliosha miguu yake akaingia ndani.

Basi toka siku ile tukasomea juzuu. Zilikuwa tano tu, zimeandikwa kwa mkono, na baba alizitunza kama mboni ya jicho. Kila juzuu iliwekwa juu ya marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea kitabu, na watoto wanne tukakizunguka: mmoja mbele, wawili ubavuni, mmoja mkabala. Ukishapewa pahali, ndipo pako, huhami. Kuhama pahali chuoni kwetu ilikuwa utovu wa adabu, sawa na kumtangulia mkubwa mlangoni. Mimi binti wa mwalimu nilikaa mbele, kitabu kinanitazama usoni. Nikasoma upesi, nikajiona nina akili kuliko watoto wa mji mzima.

Mkabala nami alikuja kukaa msichana wa Kimatumbi. Vita ilikuwa imekwisha, na njaa iliyofuata vita ilikuwa imewachukua baba na mama yake. Aliishi kwa shangazi yake, mjane msusi wa mikeka, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Shangazi huyo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na watoto wake wanne na chungu kimoja. Siku anamleta alimwambia baba waziwazi, "Mwalimu, nampa mwaka. Akiweza juzuu atakaa nami, awasomeshe wadogo zake. Asipoweza, wako watu wanakwenda mashamba ya pamba ya Wadachi, upande wa Lindi. Huko wanachukua hata watoto. Atakwenda nao, angalau atakula." Msichana alikuwa amesimama hapo hapo anasikia.

Baba alikuwa na namna yake ya kumjaribu mtu. Aliwachukia wanaosoma kwa moyo bila kuangalia kitabu, kwa hiyo alikata kipande cha ukindu, akakitoboa tundu, akakilaza juu ya ukurasa ili lionekane neno moja tu. Mtoto anakaa mbele ya marufaa peke yake, chuo kizima kimya. Mwaka wa yule msichana ulipokaribia kwisha, baba akamwita. Akaweka ukindu. Msichana akatazama, akainama, akatazama tena.

"Mwalimu," akasema, "hili si neno."

Alipigwa fimbo mbili za kiganja. Baba akahamisha ukindu mara tatu, na mara tatu msichana akanyamaza. "Siku zote unaimba tu," baba akamwambia. "Husomi." Akamtumia shangazi salamu kwamba mtoto ana kichwa kizito, Ijumaa aje amchukue. Wenzangu walicheka. Mimi nilicheka kuwapita, wallahi, nikamwita kasuku.

Lakini usiku ule, na kesho yake, kitu kikawa kinanikera. Nilipokuwa nikiteleza katika kusoma, nani aliyekuwa akinikanyaga mguu chini ya marufaa? Si yeye? Kasuku hamsahihishi mtu. Nikamuuliza mama, akaniambia nikatwange mpunga.

Jumatano mama akanituma nipeleke vitumbua kwa mke wa karani, aliyekaa nyuma ya shule ya serikali. Shule ile baba hakutaka hata itajwe nyumbani. Kwake ilikuwa kiwanda cha Wadachi cha kutengeneza makarani. Nilipita dirishani, na macho hayana pazia, nikachungulia. Mwalimu wao, Mswahili kama sisi, alikuwa akiandika kwenye ubao mkubwa mweusi ukutani. Watoto walikuwa juu ya mabao marefu, safu kwa safu, wote wametazama upande mmoja kama watu wanaosali. Hata yule wa nyuma kabisa alitazama huko huko.

Nikasimama na vitumbua vyangu vinapoa. Mbona wamepangwa hivyo? Mbona hakuna aliyekaa upande mwingine? Halafu nikajiona mjinga. Upande mwingine angeona nini? Nikawa nimefika nusu ya njia ya kurudi, vitumbua bado kichwani, ndipo swali lilipogeuka likanishika shingo. Kwenye marufaa yetu upande mwingine kuna mtu. Yeye anaona nini?

Adhuhuri chuo kikiwa kitupu nilifungua juzuu, nikaenda kukaa pahali pake. Sikuweza kusoma hata neno moja. Mimi, bingwa wa baraza! Herufi zilikuwa miguu juu, nukta za chini zimepanda juu, mwanzo wa mstari umekwenda mwisho. Nilihisi aibu mpaka masikio yakanipata moto, nikakumbuka lile jina la kasuku.

Nikamfuata msichana kwa shangazi yake, nikamvuta mpaka barazani. Nilichukua kipande cha ukindu cha baba na nikatafuta kurasa ambazo hatujafundishwa, maana nilitaka kujua kweli, sikutaka kubahatisha. Kwanza akakaa pahali pake. Akasoma neno. Nikahamisha, akasoma. Nikaruka kurasa, akasoma, taratibu, lakini sawasawa. Nikamwambia aje kwangu, mbele. Neno lile lile alilolisoma sasa hivi likamshinda. Akarudi kwake, akalisoma. Tulihamahama mpaka jasho likatutoka, na kila mara ikawa vile vile. Sijapata kufurahi vile kwa kitu kisicholiwa.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nilisema. Nilisema si neno." Akanitazama. "Mimi nilidhani wewe ndiye uliyepewa upande wa shida. Nilikuwa nakuonea huruma."

Nilisomesha wasichana wa watu baadaye, miaka mingi, na sentensi ile nimelala nayo na kuamka nayo. Mtoto akishindwa, kabla sijafungua kinywa changu, na kinywa changu ni chepesi, kwanza naenda kukaa alipokaa yeye. Mara nyingine sioni kitu, ni mvivu tu. Lakini naenda.

Sasa kumwambia baba ikawa kazi. Binti amfundishe mwalimu, tena babaye? Na kitabu kile hakigeuzwi juu chini mbele ya watu, hilo hata mlevi analijua. Alhamisi nikaimaliza kwa kumeza maneno. Ijumaa baada ya sala shangazi akaja na mzigo wa nguo umefungwa kwa kamba ya mnazi. Watu wa Lindi walikuwa wanaondoka baada ya alasiri. Msichana alikuwa ameshauweka mzigo kichwani niliposikia sauti yangu mwenyewe.

"Baba, nakuomba umjaribu tena. Lakini akae pahali pake."

"Nani amekuuliza wewe?"

"Hakuna."

Baba akanyoosha mkono kwenye fimbo. Shangazi ndiye aliyeniokoa. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, alasiri bado. Mjaribu tu, hatupungukiwi kitu."

Msichana akatua mzigo, akazunguka marufaa, akakaa mkabala. Baba akaweka ukindu ukurasa wa mwisho mwisho, akakunja uso. Msichana akasoma. Baba akahamisha. Akasoma. Baba akaacha kukunja uso, akaanza kuhamisha haraka haraka, huku na huku, kama anayemfukuza panzi, na sauti ya mtoto ikamfuata kila alipokwenda. Kisha baba akainuka, akakusanya kanzu yake, akazunguka, akachutama ubavuni mwa yule msichana na kukitazama kitabu kutoka pale. Alitazama kwa muda mrefu. Niliona midomo yake inajaribu.

"Fungua mzigo," akamwambia shangazi. "Mtoto anasoma. Kesho atakaa mbele, aanze kuzoea."

Shangazi alikaa kitako barazani akalia, na msichana akawa anamfuta machozi kwa upindo wa kaniki yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nangoja sifa zangu. Nilisimama wima kabisa, ili nionekane. Baba hakunisifu. Alikuwa bado amechutama pale pale.

"Kabla ya huyu," akauliza, "nani alikaa hapa?"

Alijua, ila nadhani alitaka mtu mwingine amtajie. Nikamwambia ni yule mwana wa mwanamke anayechemsha chumvi pwani. Yeye ndiye alikaa hapo mwanzo kabisa, vita bado inapigwa, na baba alimtoa kwa kichwa kizito. Alipokosa chuo akachukuliwa upagazi, akabeba mizigo ya askari wa Wadachi kwenda bara. Msafara ulirudi bila yeye.

Baba akavaa viatu. Alikwenda mbele, mimi nikamfuata nyuma, wala hakunifukuza. Mwanamke yule tulimkuta pwani kwenye moto wake, anachemsha maji ya chumvi katika sufuria pana. Akaamkia, baba akaitikia, akakaribishwa kigoda asikikalie.

"Nimekuja kwa habari ya mwanao," baba akasema. "Hakuwa na kichwa kizito. Mimi nilimkalisha pabaya. Herufi alizijua, lakini alizijua kutoka upande aliokaa, na mimi nikamjaribia upande mwingine. Kosa ni langu."

Mwanamke hakuacha kukoroga. Chumvi ilikuwa imeanza kushika kingo za sufuria, naye akawa anaikwangua kwa upawa, pole pole, akiirudisha katikati.

"Aliniambia, Mwalimu," akasema. "Aliniambia, mama, herufi nazijua, ila nikiitwa mbele zinageuka. Nikamchapa. Nikamwambia, mwalimu hawezi kukosea."