Jina la Mwanamke Mchoyo

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtu akiniita mwandishi huwa nageuka nione anaitwa nani. Mimi ni fundi cherehani ambaye huandika mambo ya siku kwenye madaftari, basi. Mwaka jana jumuiya yetu ya kanisa hapa Nangara ikaniomba niandike igizo la kuchekesha kwa ajili ya sikukuu ya somo wetu, mtakatifu msimamizi wa jumuiya. Nikakubali haraka, halafu nikajuta polepole.

Igizo lenyewe halikunipa shida. Lilimhusu mwanamke mchoyo ambaye mgeni akipiga hodi, yeye kwanza anafunika sufuria ndipo anaitikia karibu. Shida ilikuwa jina lake. Nikimpa la kwetu, la Mbulu, watasema nawasema watu wa Mbulu. Nikimpa la wale waliokuja kwa biashara na machimbo, watasema nawasimanga wageni. Wiki nzima nilishona sketi za shule huku napima majina kichwani, na sketi mbili zilinibidi nizifumue.

Nikaona njia ya haki ni kuorodhesha wanawake wenzangu wote wa jumuiya, nisije nikamgusa mtu. Nikaandika Mama wa huyu, Mama wa yule, mpaka ukurasa ukajaa. Kumbe nilikuwa nimeorodhesha watoto! Hapo nilipaswa kushtuka, lakini sikushtuka vya kutosha. Nilichukua kalenda ya kanisa, nikawafuata watakatifu mwezi kwa mwezi, nikapata jina moja la zamani, zito, ambalo sijawahi kusikia mtu wa hapa akiitwa. Nikajipongeza.

Mazoezi tuliyaanza Jumapili baada ya misa, uani kwa jirani yangu, maana kwake kuna nafasi na hachoki na watu. Huyu ni mkubwa kwangu, namwamkia. Kwa miaka kumi na miwili nimekula makande yake kuliko ya jiko langu, na nikisafiri ufunguo wangu unabaki kwake. Siku hiyo alikuwa pembeni anapepeta maharage. Binti tuliyempa nafasi ya mchoyo akasoma jina lake kwa sauti. Ungo ukasimama.

Mume wa jirani, aliyekuwa anagongea misumari mlango wa banda, akaangua kicheko. "Leo umeitwa, mama! Mimi mwenyewe mara ya mwisho kulisikia ni padri akitufungisha ndoa!"

Jirani hakucheka. Alibeba ungo wake akaingia ndani.

Siku mbili hakupita dirishani kwangu kunisalimia. Niseme ukweli, igizo sikuliwaza tena. Niliwaza kwamba nimempoteza mtu ambaye hajawahi kuninyima kitu, kwa kumwita mchoyo mbele ya jumuiya. Siku ya tatu nikalifuta jina kila mahali, nikaandika "Mwanamke" tu, nikaenda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kuchungulia kama nimefunika sufuria?"

"Nisamehe, dada. Sikujua. Nimeshalifuta, ona."

Akazipekua karatasi taratibu. "Nani kakutuma ulifute?"

"Si uliudhika?"

"Niliudhika, ndiyo. Lakini kwamba mimi si mchoyo, hata kuku wako wanajua, wanashinda hapa. Kilichoniuma ni wewe. Miaka yote hii tumeishi ukuta kwa ukuta, unaandika kila kitu kwenye daftari mpaka mvua, halafu hujui naitwa nani!"

Nilitaka kusema kwamba, kwa haki, na yeye la kwangu halijui, lakini nikaona huu si wakati wake. Akalifikia mwenyewe.

"Hebu, na wewe la ubatizo ni nani?"

Nikamtajia. Mabega yake yakaanza kutikisika. "Mungu wangu! Na ulivyo mwembamba hivyo, jina lote hilo unalibebea wapi?"

Tulicheka mpaka mumewe akaja kuuliza kuna nini, akaambiwa hayamhusu.

Jirani akanirudishia karatasi. "Lirudishe jina langu. Na huyo mchoyo nitamwigiza mimi, yule binti anafunika sufuria kama anamfunika mtoto aliyelala. Ila asiwe peke yake. Mtie na mdogo wake, mchoyo kumzidi, umpe jina lako. Uigize wewe."

"Dada, si nitachekwa?"

"Kwani mimi nitapigiwa magoti?"

Nililitafuta kosa katika maneno hayo, sikuliona. Jioni hiyo hiyo nikaandika upya, na nikajikaza nisimpendelee mdogo mtu. Nikamfanya anahesabu maharage kabla hajayabandika jikoni, na yakipungua anamkagua mgeni mifuko.

Watu walicheka, lakini kama igizo lilikuwa zuri siwezi kujua, labda walikuwa wameshashiba tu. Ninachojua ni kwamba mistari yangu mwenyewe niliisahau mara nne, na kila nilipoganda, dada mtu alinigeukia na sufuria lake mkononi, akaniita kwa jina, lile lote, mpaka nyuma kabisa wakasikia, ndipo akaninong'oneza cha kusema. Mara ya nne sikuwa nimesahau, nilitaka tu aniite.